MWANASESERE WA KUFUNDISHIA: VITU VYA KUMJAZA NA VYA KUMTIA UZITO

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakacheka wakiona ya kuwa leo twataka kusema habari za mwanasesere, maana wengi hudhani kuwa huo ni mchezo wa watoto tu wala haustahili wino. Twaomba wasikunje karatasi upesi. Mwanasesere anayelingana na mtoto mchanga kwa urefu na kwa uzito ni chombo cha kazi, na fundi akimtia uzito kwa kitu kibaya aweza kumdhuru mtoto wa kweli. Habari hizi zawahusu hasa mama zetu na mafundi cherehani wa Ilembo na mitaa mingine ya Mpanda, kwa sababu tutakayoieleza mbele kidogo, lakini hata wa mahali pengine watapata fungu lao.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Watoto wa mashamba tangu kale huchukua gunzi la mahindi, wakalivika kipande cha kanga, wakalifunga mgongoni vile vile kama mama ambebavyo mtoto. Kule pwani Wazaramo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwari alipewa alipokuwa ndani, akaitunza kama mtoto wake. Basi watu wetu walijua zamani ya kuwa mkono hujifunza ulezi kwa kushika kitu, si kwa kusikia maneno peke yake.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, walitokea mafundi ambao huchukua mwanasesere wa kiwandani, wakampaka rangi upya tabaka kwa tabaka, wakamtia nywele unywele mmoja mmoja kwa sindano, wakamjaza uzito, hata ukimpakata wadhani yu hai. Wengine huwanunua kwa kupenda tu, wengine kwa ajili ya kufiwa, na katika nyumba za kutunzia wazee huko Ulaya wako wazee waliopotewa na kumbukumbu ambao hutulia wakipewa mwanasesere wa namna hiyo wampakate. Mwaka 2016, katika mji wa Keene, Marekani, askari polisi alivunja kioo cha gari siku ya jua kali ili amwokoe mtoto aliyeonekana amelala ndani, akaanza hata kumpulizia pumzi, kumbe ni mwanasesere! Sisi twaona ya kuwa kwetu hakuna haja ya kufanana kwa kadiri hiyo. Mwanasesere wa kijijini na awe na mishono ionekanayo, mtu akimwona kwa mbali asije akapiga yowe.

Lakini jambo lililotufanya tushike kalamu ni la hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwaka 2009 wakunga na waganga wa hospitali 8 za nchi hii walifundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kuvuta pumzi: kumkausha, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa, na kumpa hewa kwa kifuko na barakoa kabla dakika moja haijapita. Walifundishwa kwa mwanasesere aitwaye NeoNatalie, aliyetengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norwe. Mwanasesere huyo hujazwa maji vuguvugu, yapata lita mbili, nayo humpa uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Hesabu zilipotolewa mwaka 2013 ilionekana ya kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimepungua kwa 47 katika 100 katika hospitali hizo. Hatusemi ya kuwa mwanasesere ndiye aliyewaokoa; waliookoa ni wakunga. Walakini mkunga aliyezoesha mikono yake juu ya kitu chenye uzito wa kweli haogopi siku ya haja.

NeoNatalie si kitu cha kushonwa nyumbani, wala wa kitambaa hawezi kufundishia kutia hewa. Lakini yako mafundisho mengine mengi ambayo mwanasesere wa kitambaa, aliyeshonwa na fundi wa mtaani, hutosha kabisa: namna ya kumshika mtoto shingo isianguke, namna ya kumweka kifuani ili anyonye vema, namna ya kumwogesha, namna ya kumfunga kifuani ngozi kwa ngozi mtoto aliyezaliwa mdogo. Mtoto huhesabiwa kuwa mdogo akizaliwa na uzito usiofika kilo 2.5, na wengi wa waliotimia huwa kilo 3 hivi. Binti anayetazamia mtoto wake wa kwanza akipewa mwanasesere mwepesi kama mto wa kitandani, atamshika kwa mkono mmoja huku anazungumza. Akipewa mwenye kilo mbili na nusu na kichwa kinacholegea, mara moja mkono wake wa pili huja wenyewe chini ya shingo. Hiyo ndiyo faida ya uzito. Na hapo ndipo fundi anapoanza kujiuliza: Nimtie nini?

Sasa twasema sababu ya kuwataja watu wa Mpanda. Ardhi ya Mpanda ina madini ya risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 yalianza kuchimbwa kwa nguvu, na reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa ili yapate kuchukuliwa. Kampuni ya Uruwira Minerals iliyachimba mpaka kwenye mwaka 1960. Kiswahili chaita risasi madini hayo, na chaita risasi pia kile kitokacho katika bunduki, wala si ajabu, kwa kuwa hicho hufanywa kwa madini hayo. Na hata mahali ambapo hakuna mgodi, risasi imo mikononi mwa watu: wavuvi wa Ziwa Tanganyika, Karema na Ikola, huifanya chubwi za nyavu, mafundi wa magari wanayo katika mabamba ya betri kuukuu na katika vizito vidogo vinavyobanwa kwenye ringi za matairi, wawindaji wanayo katika marisau.

Fundi atakaye kumtia mwanasesere uzito ataivutiwa sana risasi, nasi twaeleza kwa nini. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ukiijaza mchanga mkavu itakuwa gramu 800 hivi. Ukiijaza punje ndogo za chuma itapita kilo mbili. Ukiijaza marisau ya risasi itafika kilo tatu na nusu au karibu yake. Basi konzi moja ya risasi yatosha kukipa kichwa cha mwanasesere uzito wote unaotakiwa, tena haina ncha, haipati kutu kama chuma, na huyeyuka juu ya jiko la mkaa. Kwa macho ya fundi ni kitu kizuri mno. Kwa mwili wa mtoto ni sumu.

Risasi haiui kama nyoka aumavyo. Huingia kidogo kidogo, kwa mavumbi yaliyoshika vidoleni na kwa kitu kilichotiwa mdomoni, nayo hukaa katika mifupa kwa miaka mingi. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne au tano kuliko tumbo la mtu mzima aliyeimeza kwa kadiri ile ile. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa hakuna kadiri ya risasi katika damu ijulikanayo kuwa haina madhara. Dalili zake zafanana na dalili za magonjwa mengine, na kwa hiyo wazazi hupotezwa: mtoto hupata maumivu ya tumbo, hufunga choo, hupauka, huwa mkali bila sababu, huwa mzito wa kujifunza, ikizidi hushikwa na degedege na kupotewa na fahamu. Zipo dawa za hospitali zinazoivuta risasi itoke mwilini sumu ikiwa nyingi, lakini akili iliyoharibika hairudi. Maziwa, mkaa na mitishamba haviiondoi.

Wala tusidhani ya kuwa haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, iligunduliwa ya kuwa watoto wasiopungua 400 walikuwa wamekufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu wazazi wao walisaga majumbani mawe ya dhahabu ambayo ndani yake mlikuwa na risasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu udongo na maji ya wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Hao wote hawakushika mwanasesere. Twawataja ili ijulikane ya kuwa mavumbi yale yale, yakiwa ndani ya kifuko kilichopasuka na kunyonywa na mtoto, hayatabadilika tabia yake.

Itatambulikanaje risasi? Kwanza ni nzito kuliko unavyotazamia kwa ukubwa wake. Pili ni laini: ukucha wenye nguvu au kisu huikwaruza, na mahali palipokwaruzwa hung'aa kama fedha kisha pakafifia. Tatu, ukiisugua juu ya karatasi nyeupe huacha alama ya kijivu kama kalamu ya risasi (na hiyo kalamu, pamoja na jina lake, haina risasi ndani yake, jina ni mazoea tu). Nne, sumaku haiikamati. Chuma hukamatwa na sumaku, na kwa hiyo fundi aliye na kipande cha sumaku cha redio kuukuu aweza kuchagua: kisichokamatwa, na kikawa kizito na laini, kisiingie katika kazi hii. Akiisha kukijaribu na anawe mikono kwa sabuni. Na sumaku yenyewe isiachwe ndani ya mwanasesere, maana mtoto akimeza sumaku mbili huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa.

Wako watakaosema: Mbona risasi tutaifunga ndani ya mifuko mitatu, mtoto hataifikia? Twajibu ya kuwa mwanasesere wa kijijini huishi miaka mingi kuliko uzi wake. Leo yumo katika darasa la kina mama. Kesho kutwa amechakaa, amepewa mjukuu. Mwaka kesho mjukuu amempasua tumbo aone kilichomo. Kitu cha kutiwa ndani ya mwanasesere na kichaguliwe kama kwamba siku moja hakika kitamwagika mkekani mbele ya mtoto anayetambaa.

Kwa kanuni hiyo tuvitazame vitu vingine. Mchanga wa mtoni ndio tunaousifu kwa watu wa mashamba, lakini si kila mchanga. Usichukuliwe katika vifusi vya migodi ya zamani wala katika mabaki ya kusafishia dhahabu katika machimbo yaliyo kandokando ya Mpanda, kwa kuwa humo mwaweza kuwa na risasi, na wachimbaji hutumia zebaki ambayo nayo ni sumu. Uchukuliwe juu ya mto, mbali na machimbo, nao uwe wa punje nene, si ule laini kama unga. Uoshwe katika ndoo, ukorogwe, maji machafu yamwagwe, tena na tena mpaka maji yatoke meupe; ndipo vumbi litakuwa limekwenda. Kisha uanikwe, halafu ukaangwe katika karai huku unageuzwa mpaka uwe mkavu kabisa na wadudu wamekufa. Jambo moja watu hawalijui: vumbi la mchanga likivutwa mara kwa mara huharibu mapafu, na wachimbaji wa mawe wanaujua ugonjwa huo. Kwa hiyo mchanga usichekechwe ukiwa mkavu ndani ya nyumba. Uoshwe kwanza, na kazi ifanyike nje, mtu akisimama upande utokako upepo.

Kokoto laini za mtoni, zilizosuguliwa na maji hata hazina pembe, ni nzuri pia, na ubora wake ni ukubwa. Wanaopima vitu vya kuchezea vya watoto wasiotimia miaka mitatu hutumia kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7, kitu kinachoingia chote ndani ya kopo hilo huhesabiwa kuwa chaweza kumkaba mtoto koo. Basi kokoto kubwa kama yai dogo la kuku haiingii ndani ya kopo hilo. Mwanamke mfinyanzi aweza kufanya vidonge vya udongo vya kadiri hiyo, akavichoma pamoja na vyungu vyake, na hivyo ni visafi kuliko vyote. Kokoto na vidonge hugongana na kufanya kelele kama njuga, kwa hiyo kila kimoja kivingirishwe pamba kabla ya kutiwa mfukoni.

Gololi za kioo zachezewa na watoto wote, zaoshwa kwa urahisi, wala hazina sumu ndani ya mfuko. Lakini ndizo hasa za kumkaba mtoto. Zitumike kwa mwanasesere wa watu wazima peke yake. Gololi za chuma za beringi ni nzito na nzuri, ila huja na grisi, nazo lazima zioshwe kwa maji moto na sabuni mara mbili tatu na kukaushwa juani mara moja zisipate kutu. Nati na misumari twavikataa. Vina pembe, na pembe hukata uzi.

Nafaka na maharagwe watu wengi huvipenda kwa kuwa vimo nyumbani. Sisi hatuvipendi. Kwanza ni chakula, na Katavi ni nchi ya mahindi na mpunga ambayo watu wa mbali huja kununua kwayo. Kuweka kilo mbili za mchele ndani ya sanamu ni kuwaalika panya. Pili, dumuzi, yule mdudu aliyeanza kutajwa upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hatajali kama mahindi yamo ghalani au tumboni mwa mwanasesere. Tatu, vikilowa huvimba, vikaoza au vikaota. Tena mahindi ya ghala mara nyingi yametiwa dawa ya wadudu, na pamba ya mbegu ya kupandia vile vile hupakwa dawa. Mtoto anyonyaye mguu wa mwanasesere huyo anyonya dawa.

Mbegu za porini ni hatari kubwa zaidi. Mbegu za mbarika, zenye madoadoa mazuri, zina sumu kali mno. Na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengine huzitunga shanga na wengine huzishona ziwe macho ya mwanasesere, zina sumu iliyo ndugu yake. Ikimezwa nzima yaweza kupita salama kwa kuwa ganda lake ni gumu. Ikitafunwa au ikiwa imetobolewa kwa sindano, yaweza kuua. Macho ya mwanasesere yadariziwe kwa uzi. Vifungo navyo vifaa kwa watu wazima tu, kwa kuwa mtoto huving'oa kwa meno.

Ama kwa vitu vya kujazia, yaani vile vyepesi vinavyompa umbo, hapa twaweza kusema kwa kifupi zaidi. Pamba yetu wenyewe, inayolimwa upande wa Mpimbwe na Tanganyika, yatosha. Ichambuliwe mbegu zote kwa vidole, maana mbegu moja huleta mdudu na mafuta yake hufanya doa. Kisha ianikwe juani na kutanuliwa kwa mikono mpaka iwe kama povu. Pamba hushikamana ikilowa, na hilo ndilo kosa lake. Sufi ya msufi, ambayo watu wa pwani hujazia mito, ni nyepesi zaidi na haipendi maji, lakini hushika moto upesi sana na nyuzi zake huruka puani. Anayejaza na ajifunge kitambaa mdomoni. Ile pamba ya kiwandani iitwayo poliesta, itokayo katika mito iliyochakaa, hufuliwa na kukauka upesi kuliko zote, nasi twaiona kuwa bora kwa mwanasesere wa darasa anayeshikwa na watu wengi, mradi mto ule ufuliwe kwanza kwa maji moto. Vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo hufaa mwilini lakini hufanya vinundu usoni.

Sponji ya magodoro kuukuu isitumike. Huchakaa ikawa unga wa manjano, mtoto huing'ata vipande, na ikishika moto moshi wake ni sumu. Unga wa mbao pia twaukataa, hasa wa mninga na miti mingine migumu, kwa sababu vumbi lake huwasha pua na macho na laweza kuleta maradhi mabaya likivutwa kwa miaka. Majani makavu huingia viroboto. Na kitu chochote kilichokaa katika gunia la mbolea au la dawa ya tumbaku kisiingie humu, hata kikifuliwa mara kumi. Wala gunia lenyewe lisifanywe ngozi ya mwanasesere.

Sasa tutoe mfano wa kazi yenyewe. Tuseme fundi ataka mwanasesere wa kilo 2.5, wa urefu wa sentimita 50 hivi. Kichwa kiwe robo ya urefu huo, kwa maana mtoto mchanga ndivyo alivyo, ingawa mafundi wengi hukifanya kidogo kwa kuwafikiria watu wazima. Nguo yake na pamba zitakuwa kama gramu 600. Zimebaki gramu 1,900 za kutia uzito. Kichwani atie gramu 500, matakoni na tumboni 900, kila mguu 150, kila mkono 100. Kwa mchanga, jumla yake ni kiasi cha lita moja na robo, kasoro kidogo. Apime kwa mizani ya dukani ili asikisie.

Kila fungu la mchanga litiwe katika kifuko chake cha kitambaa cha merikani kilichofumwa kwa kubanana, kishonwe mara mbili kwa uzi wenye nguvu, kisha kitiwe ndani ya kifuko cha pili na kushonwa tena. Kisijazwe kikabana, kiachwe robo yake tupu, mchanga upate kutiririka, ndipo kiungo kitalegea kama cha mtoto aliyelala. Kabla ya kukitia mwilini, kitikiswe kwa nguvu juu ya shuka nyeusi kwa muda wa kuhesabu mia. Punje moja ikionekana juu ya shuka, kifunguliwe na kushonwa upya. Kifuko cha kichwa kikae upande wa kisogo, pamba ikizunguka, uso ubaki mwororo. Shingoni pasitiwe kitu ila pamba kidogo sana. Ulegevu wa shingo ndio somo lote. Wengi hushindilia shingo kwa kupenda kichwa kisimame, wakafanya mwanasesere mzuri wa kutazama asiyefundisha neno.

Mgongoni paachwe mlango wa kufunga kwa kamba za nguo, vifuko vipate kutolewa. Asiyependa mchanga aweza kutia katika tumbo chupa ya plastiki ya lita moja iliyojazwa maji na kufungwa vema, ikazungushiwa pamba nene. Hiyo ni kilo moja isiyo na sumu yoyote, na ikivuja haikuacha hasara ila maji. Apunguze basi mchanga kwa kadiri hiyo.

Kwa mtoto wa kucheza shauri ni jingine. Mtoto asiyetimia miaka mitatu asipewe mwanasesere mwenye uzito wa namna yoyote. Apewe wa pamba tupu, mwepesi, asiye na vifungo wala shanga wala utepe mrefu wa shingoni, wala asilazwe naye usiku akiwa bado mchanga, asije akafunikwa pua. Mwanasesere wa darasa afungiwe sandukuni somo likiisha, naye asichanganywe na vya kuchezea.

Mzazi akigundua ya kuwa mtoto wake amekuwa akinyonya au amemeza kitu cha risasi, asingoje dalili. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, akichukua na kitu chenyewe ndani ya mfuko wa plastiki ili mganga akione, naye aeleze ni kwa muda gani mtoto amekuwa nacho. Damu hupimwa. Nguo za mtoto na mkeka wake vifuliwe kwa maji. Sakafu isifagiliwe kavu, bali ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio huyarusha mavumbi yakaingia puani mwa wote waliomo nyumbani.

Mwanasesere wa darasa na afuliwe kila baada ya mafunzo, kwa kuwa mikono mingi imemshika. Vifuko vya uzito vitolewe kwanza kwa mlango wa mgongoni, ngozi na pamba vifuliwe kwa sabuni, na pamba ikunjuliwe kwa vidole ingali na unyevu isije ikagandamana. Vifuko vya mchanga vyenyewe havifuliwi. Vyapanguswa, na kimoja kikilowa kwa bahati mbaya, kifunguliwe, mchanga ukaangwe tena katika karai mpaka ukauke, kisha kishonwe kwa uzi mpya, si katika matundu yale yale ya sindano ya zamani.